Pointi za mtoto na mazingira ya shule: Bunia tunatafuta kosa fasi gani?

Wakati buleteni zinatolewa, jamaa nyingi za Bunia zinauliza swali moja tu: mtoto amepata asilimia ngapi? Swali la pili, la kujua mtoto alisoma katika hali gani mwaka mzima, linaulizwa mara chache. Uchambuzi huu unaangalia hilo swali la pili, maana jibu la swali la kwanza mara nyingi linatoka humo.

Katika nchi yetu pointi zinaamua mengi. Mwisho wa masomo ya msingi kuna ENAFEP. Mwisho wa mwaka wa munane kuna TENASOSP, inayosaidia kumuelekeza mtoto kwenye seksio atakayosoma. Mwisho wa sekondari kuna Mtihani wa Serikali, ule wote tunaouita Exetat, ulioanza 1967. Hapo ni wazi: chini ya asilimia 50 umeshindwa, na bila diplomu mlango wa chuo kikuu umefungwa.

Mtoto akishindwa, maelezo yako tayari. "Mutoto hana akili." "Anapenda kucheza." "Ni mugumu." Tukimaliza kumsema mtoto, tunamsema mwalimu. Ni mara chache mzazi, direkta na mwalimu wanakaa pamoja na kuuliza: shule yetu yenyewe, vile inaishi kila siku, inamsaidia mtoto kusoma ao inamzuia?

Mazingira ya shule ni kitu gani?

Tukisema mazingira ya shule, wengi wanafikiri miti, mabati na rangi ya ukuta. Hayo yamo. Darasa lisilo na mlango, ama lenye mabati yanayopiga kelele kila mvua inaponyesha hata mwalimu anaacha kusema, ni shida ya kweli. Lakini mazingira ya shule ni zaidi ya jengo. Ni vile mtoto anajisikia akipita mlango wa shule asubuhi.

Je, anaona yuko salama? Mwalimu anajua jina lake? Akiuliza swali, anajibiwa ao anachekwa? Anajua kama leo mwalimu atafika? Akifanya kosa, anajua malipizi ni gani, ao inategemea mwalimu ameamuka namna gani? Pointi anazopata ni zake kweli, ao kuna mwingine aliyezipata kwa njia ya nyuma? Mzazi wake akifika shuleni, anapokelewa kama mtu?

Maswali haya hayaulizwi kwenye mtihani, lakini yanaamua ikiwa mtoto anasikia somo ao anakaa tu darasani. Mtoto mwenye woga hawezi kusikiliza hesabu na kuangalia mlango kwa wakati mmoja. Akili yake iko kwenye hatari, na nafasi inayobaki kwa somo ni ndogo. Hiyo haitoki kwa uvivu. Njo vile kichwa cha mtu kinatumika wakati kinaogopa.

Watoto wa Ituri wanaingia darasani na mzigo

Hapa kwetu swali hili lina uzito kuliko fasi nyingine. Kati ya 1999 na 2003 vita viligawanya mji wa Bunia, hata mitaa ikajulikana ni ya nani. Wengi kati ya wazazi wa leo walikuwa watoto wa shule wakati ule. Wanajua kusoma nusu mwaka ni kitu gani. Wengine hawakurudi darasani tena.

Kisha, mwisho wa 2017, vita vikawaka upya katika Djugu. Maelfu ya jamaa yalikimbilia Bunia, wengine kwa ndugu zao, wengine katika kambi kama ile ya karibu na ISP na ile ya Kigonze. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, watu karibu 60 waliuawa katika kambi ya wahami ya Plaine Savo, katika teritware ya Djugu. Upande wa Irumu na Mambasa jamaa nyingine zimekimbia mashambulizi ya ADF. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jimbo liko chini ya état de siège, na watoto wadogo wa leo hawajui uongozi mwingine isipokuwa wa kijeshi.

Katikati ya hayo kulikuwa na Ebola, kuanzia mwezi wa munane 2018 hadi mwezi wa sita 2020. Kisha korona, iliyofunga shule zote za nchi kuanzia mwezi wa tatu 2020. Mtoto aliyeanza mwaka wa kwanza wa msingi katika 2017 amesoma kwa kukatwakatwa hivyo tangu mwanzo.

Sasa tumtazame huyo mtoto akiingia katika shule ya Bunia. Pengine alitoroka usiku. Pengine hana buleteni ya shule ya zamani, na kwa hiyo anarudishwa darasa la nyuma. Ni mkubwa kuliko wenzake. Hana uniforme kamili. Kifaransa chake ni kidogo. Jina lake, ao lafuzi yake, inaonyesha anatoka upande gani. Siku ya kwanza wenzake watamuita kwa jina gani? Na mwalimu akisikia jina hilo, atafanya nini?

Hapa njo mazingira ya shule yanaanza. Mwalimu akinyamaza, darasa zima limeelewa kwamba inaruhusiwa. Mtoto huyo ataacha kunyoosha mkono. Mwisho wa trimestri tutasema hana akili.

Fimbo inaongeza pointi?

Wazazi wengi, na walimu wengi, wanaamini kwamba bila fimbo mtoto hasomi. "Sisi tulichapwa na tumekuwa watu." Ni maneno tunayosikia kila mara tukifungua simu kwa wasikilizaji. Tuyachukue kwa heshima, kisha tuyapime.

Sheria ya nchi kwanza. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inasema nidhamu katika shule, katika jamaa na katika nyumba zinazolea watoto iendeshwe kwa namna inayomheshimu mtoto kama binadamu. Kumpiga mtoto mpaka avimbe, kumpigisha magoti juu ya mawe, kumfananisha na nyama mbele ya wenzake, hayo hayaingii katika nidhamu ya namna hiyo.

Lakini tuache sheria, tuulize juu ya pointi. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika wilaya ya Luwero huko Uganda, watafiti walifuata shule za msingi 42 kati ya 2012 na 2014. Nusu ya shule zilipewa programu ya kubadilisha maisha ya shule: walimu wafundishwe kuongoza darasa bila kupiga, wanafunzi wapewe sauti, shule yote ikubaliane juu ya kanuni. Nusu nyingine ziliendelea kama kawaida, zikingoja zamu yao. Baada ya miezi 18 wanafunzi waliulizwa. Katika shule za kawaida, wanafunzi 49 kwa 100 walisema mfanyakazi wa shule amewapiga ao kuwaumiza katika juma lililopita. Katika shule zenye programu walikuwa 31 kwa 100. Na watoto walisema wanajisikia vizuri na salama zaidi shuleni.

Na pointi? Hapa tuseme ukweli wote. Hazikupanda. Lakini hazikushuka pia. Jambo hilo linatufundisha vitu viwili kwa mara moja. La kwanza: ule woga wetu kwamba fimbo ikiondoka masomo yataanguka, hauna msingi. Kama fimbo ilikuwa inafundisha, pointi za Luwero zingeshuka. La pili: kuondoa fimbo peke yake hakutoshi. Mtoto asiyepigwa bado anahitaji mwalimu anayejua kueleza, kitabu cha kusoma, na saa za kutosha darasani.

Saa zinazopotea mlangoni

Na kuhusu saa, tuna shida kubwa. Katika 1979 Michael Rutter na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya shule 12 za sekondari za mji wa London. Walihesabu kwamba toka mtoto anaanza shule mpaka anatoka, anapitisha humo karibu saa 15,000. Watoto wa shule hizo 12 walitoka katika mitaa inayofanana, lakini matokeo yao hayakufanana. Shule zilizofanya vizuri zilitambulikana kwa mambo ya kila siku: somo linaanza saa yake, mwalimu anatumia muda kwa somo badala ya kelele, kazi za nyumbani zinatolewa na kukosolewa, mwanafunzi anasifiwa akifanya vizuri na anapewa madaraka. Hakuna kati ya hayo kinachodai jengo jipya.

Saa ngapi mtoto wa Bunia anapoteza? Kuna saa zinazochukuliwa na vita, na hapo shule haina nguvu. Tarehe 4 mwezi wa kenda 2020, wakati wapiganaji wa CODECO waliingia mjini na silaha wakiwa wanaomba wenzao watoke gerezani, hakuna direkta angeweza kuzuia jambo hilo. Lakini kuna saa nyingine tunazozitupa sisi wenyewe.

Tuchukue kufukuza watoto kwa ajili ya minervali. Tangu mwezi wa kenda 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, kama vile artikle ya 43 ya Katiba inavyosema. Lakini sekondari inalipwa, shule za binafsi zinalipwa, na hata katika shule za msingi za serikali wazazi wanalalamika juu ya pesa ndogo ndogo zenye majina mengi. Mwenye kufukuzwa ni mtoto, ambaye hana pesa na hawezi kuzitafuta.

Tupige hesabu. Mwanafunzi anayefukuzwa siku mbili kila mwezi, kwa miezi kenda anapoteza siku 18. Katika shule inayosoma siku sita kwa juma, hizo ni juma tatu nzima. Akirudi, wenzake wameshamaliza somo la sehemu, wako kwenye asilimia. Hesabu ni kama ngazi: ukiruka kidato kimoja unaanguka. Mwalimu hatarudilia somo kwa sababu yake, maana darasa lina watoto wengi na programu inasukuma. Tena anaporudi anabeba haya, kwa kuwa jina lake lilisomwa mbele ya wote.

Mwisho wa mwaka mzazi huyo huyo ambaye hakuwa na pesa ya minervali atalipa mwaka mwingine, kwa kuwa mtoto atarudilia darasa. Shule imepata nini? Mzazi amepata nini?

Saa nyingine zinapotea kwa mwalimu anayechelewa, kwa mikutano isiyoisha, kwa watoto wanaotumwa kuchota maji ya mwalimu ao kulima shamba la shule katika saa za somo. Katika shule zinazosoma mara mbili kwa siku, kundi moja asubuhi na lingine kisha midi, dakika 20 zikipotea kila siku ni nyingi sana, kwa sababu siku yenyewe tayari ni fupi.

Mwalimu naye anaishi katika mazingira hayo

Haingekuwa haki kumbebesha mwalimu kila kitu. Tangu miaka ya 1990, wakati serikali ilishindwa kulipa, wazazi ndio walibeba mishahara kwa njia ya ile tuliyoiita prime. Masomo ya bure ya 2019 yalimwondolea mzazi mzigo huo katika shule za msingi za serikali, na watoto wengi waliokuwa nyumbani walirudi darasani. Jambo hilo ni zuri, na tusilisahau. Lakini madarasa yalijaa haraka kuliko vyumba, intebe na walimu. Na wako walimu wanaofundisha bila kulipwa na serikali, wale tunaowaita NP, miaka baada ya miaka.

Mwalimu ambaye hajala, mwenye watoto wengi kuliko intebe, atatafuta njia ya haraka ya kunyamazisha darasa. Njia ya haraka ni fimbo na matusi. Mwalimu asiye na mshahara ataona minervali kama chakula chake, na mtoto asiyelipa kama adui yake. Hapo tunaona vile jambo la pesa linageuka kuwa jambo la moyo, na jambo la moyo linageuka kuwa pointi.

Kuna lingine zito zaidi. Mwalimu anayeuza pointi, ao anayeziomba kwa mwili wa binti, anaharibu kuliko maisha ya mtoto mmoja. Darasa zima linajua. Wanafunzi wakishajua pointi zinapatikana kwa njia nyingine, mwenye bidii anajiuliza anachosha macho yake usiku kwa sababu gani. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 juu ya maovu ya ngono inaadhibu mtu anayetumia madaraka yake kumsumbua mwingine kwa ajili ya ngono. Hayo ni makosa ya kupeleka mbele ya tribinali, wala hayaishii katika ofisi ya prefe kwa kupatana na jamaa.

Kuaminiana kunapimwa pia

Watu wengine watasema: haya yote ni maneno ya moyo, hayapimwi. Yanapimwa. Katika miaka ya 1990, huko Chicago, Marekani, Anthony Bryk na Barbara Schneider walifuata shule za msingi za mji huo, nyingi zikiwa katika mitaa ya maskini. Waliuliza walimu kama wanaamini direkta wao, kama wanaaminiana wao kwa wao, kama wanaamini wazazi. Kisha walilinganisha majibu na matokeo ya kusoma na hesabu. Shule zenye kuaminiana kwa nguvu, moja kwa mbili ilikuwa imepanda. Shule zenye kuaminiana kudogo sana, ni moja kwa saba tu.

Chicago si Bunia, tunajua. Lakini swali ni lile lile. Je, mzazi wa mtaa wa Lumumba ao wa Mudzi-Pela anaenda shuleni wakati gani? Kwa kawaida anaitwa mara mbili: wakati wa pesa, na wakati mtoto amefanya kosa. Kwa hiyo akipata mwaliko wa shule, moyo unapiga. Komite ya wazazi ipo, COPA, na komite ya uongozi wa shule ipo, COGES. Katika shule nyingi zinakutana kwa kupanga pesa. Ni ngapi zilishawahi kukutana juu ya swali moja: kwa nini nusu ya mwaka wa tano haisomi vizuri?

Na swali hilo si dogo. Benki ya Dunia inasema katika Kongo watoto 97 kwa 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Nambari kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa kusema watoto ni wavivu. Nchi nzima haiwezi kuzaa watoto wavivu 97 kwa 100.

Kongo yenyewe imeshajaribu

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kuanzia 2011, katika mikoa mitatu ya nchi yetu iliyoguswa na vita, Katanga ikiwa mmoja wapo, shirika la IRC liliendesha katika shule za msingi programu iliyochanganya vitu viwili: kufundisha kusoma, na kujenga darasa linalomtuliza mtoto aliyepita katika mateso. Walimu wa shule za jirani walikuwa wanakutana, wanaambiana shida zao, wanajaribu njia mpya, wanarudi kuambiana imekwenda namna gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walipima.

Baada ya mwaka wa kwanza watoto walianza kuona shule na walimu wao kama watu wa kuwategemeza. Katika kusoma na jometri kulikuwa na dalili za kupanda kidogo. Katika kujumlisha na kutoa, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo hatuna muujiza wa kutangaza. Lakini tuweke mfano huu kando ya ule wa Luwero. Kule walibadilisha nidhamu peke yake: mtoto akawa salama, pointi zikabaki. Huku waliunganisha usalama wa mtoto na namna ya kufundisha: pointi zikaanza kusogea. Somo kwa Ituri liko hapo. Upendo bila somo zuri hauzai pointi, na somo zuri halifiki kwa mtoto mwenye woga. Vitu hivyo viwili vinatembea pamoja.

Nini inawezekana hapa, na nani aifanye?

Amani ya Djugu, Irumu na Mambasa haiko mikononi mwa direkta. Mishahara ya walimu iko Kinshasa. Vyumba vya darasa vinadai bajeti. Tusiwadanganye walimu kwamba tabasamu litachukua nafasi ya hayo. Kongo ilitia sahihi Tangazo la Shule Salama katika 2016, linaloomba shule zisishambuliwe wala zisitumiwe na wenye silaha. Ni haki yetu kuuliza serikali na wote wenye bunduki wanalifanyia nini. Tangu 2024 wizara yenyewe inaitwa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya. Uraia mpya unaanza pale mtoto wa Djugu na mtoto wa Irumu wanakaa intebe moja bila kuogopana.

Lakini kuna mambo ambayo shule inaweza kuanza siku ya kwanza ya juma, bila kungojea mtu.

Kwa direkta na prefe: deni la minervali liongelewe na mzazi, kwa barua ao kwa kumuita, na mtoto abaki darasani. Pale shule haiwezi kuishi bila pesa hizo, na tunajua ziko nyingi za namna hiyo, mzazi apewe njia ya kulipa kidogo kidogo na aandike ahadi yake. Majina ya wenye deni yasisomwe tena mbele ya mstari wa asubuhi. Na mtoto mgeni, hasa yule aliyetoka kambini, awe na mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa kutembea naye juma la kwanza.

Kwa mwalimu: kanuni za darasa ziwe chache, ziandikwe, na ziwe sawa kwa wote, mtoto wa komite na mtoto wa mhami. Malipizi yajulikane mbele. Matusi ya kabila yasikiwe na yajibiwe hapo hapo, hata kama ni mzaha. Pointi zirudishwe na kopi zikosolewe wazi, ili kila mmoja aone kosa lake ni gani. Na kufika saa yake: mtoto aliyepitisha usiku bila kulala kwa sababu ya risasi anahitaji kuwa na kitu kimoja katika siku yake kisichobadilika.

Kwa mzazi: fika shuleni siku ambayo hukuitwa. Uliza mwalimu mtoto wako anakaa wapi, anacheza na nani, anashindwa somo gani. Nyumbani, kabla ya kuchapa kwa ajili ya buleteni, uliza mtoto swali moja: "Kule masomoni, nini inakuogopesha?" Unaweza kusikia jibu ambalo buleteni haikuandika. Na kama mtoto anasema mwalimu anaomba kitu ambacho hakiombwi, mwamini kwanza, kisha chunguza.

Kwa inspekta: wakati wa kupita, pamoja na kuangalia majurnali na fishi za maandalio, aangalie pia ni watoto wangapi wako nje ya darasa saa tatu ya asubuhi, na kwa sababu gani.

Kwa wanafunzi: yule mwenzenu mpya mnayemuita jina la kabila, ao la kambi, hakuchagua kuja. Shule nyingi zina komite ya wanafunzi. Kazi yake isiishie kwenye kupanga sikukuu na kufagia.

Kinachohatarishwa

Mtoto anayeacha shule katika Ituri hakai bure. Kuna machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu na fasi nyingine, yanayopokea mikono midogo bila kuuliza buleteni. Kuna vikundi vyenye silaha ambavyo havifanyishi mtihani wa kuingia. Kwa binti kuna ndoa ya mapema. Milango hiyo yote iko wazi, na haidai minervali.

Kwa hiyo, tukimfukuza mtoto mlangoni pa shule asubuhi, tujiulize anaelekea wapi. Tukimuita mpumbavu mbele ya darasa, tujiulize ni nani mwingine atamuita mwenye maana, na kwa kazi gani. Shule iliyo na kuta za udongo lakini yenye mwalimu anayejua majina ya watoto na anayefika saa yake, inamshikilia mtoto kuliko shule ya matofali ambayo mtoto anaiogopa.

Buleteni zijazo zitakapotolewa, mzazi atasoma asilimia, kama kawaida. Tunamuomba asome pia mstari unaohesabu siku ambazo mtoto hakuwapo, kisha aende kwa direkta na kuuliza: hizi siku, ni nani alizichukua?